Tendi za enanga

Tendi za enanga ni hadithi ndefu za kishujaa za Wahaya wa Mkoa wa Kagera, Tanzania, wakiwemo wa Bukoba na Muleba. Huimbwa na msanii anayepiga enanga, ala ya nyuzi iliyochongwa kwa mti mfano wa sinia refu.

Ndani yake historia na maajabu huchanganyika: wafalme (abakama) na mashujaa wa vita, pamoja na Mugasha, mungu wa ziwa na dhoruba. Mara nyingi shujaa hufa. Wasikilizaji wengi wanalijua hilo tangu mwanzo; hawakai kusubiri nani atakufa, bali kuona mwimbaji atawafikishaje hapo.

Katika ngano za kawaida za Kihaya, hadhira humwitikia msimulizi na kumhimiza aone ili nao waone. Peter Seitel alikipa kitabu chake cha 1980 jina kutokana na kiitikio hicho. M. M. Mulokozi alizichambua tendi zenyewe katika tasnifu yake ya mwaka 1986, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Maandishi yamehifadhi maneno. Hata hivyo, mwanafunzi azisomaye peke yake hukutana na kifo cha shujaa bila sauti ya enanga wala jirani wa kuguna naye, na anaweza kudhani hadithi imekatika ghafla.