Sanduku Lililohama: Kanisa la Ethiopia na Urithi wa Israeli

Mnamo mwaka 57 hivi, akiwa Korintho, Paulo aliwaandikia Wakristo wa Roma waraka ambao sura zake tatu, ya tisa hadi ya kumi na moja, bado zinawanyima wanateolojia usingizi. Swali lilikuwa la ukoo: ikiwa Mungu alimwahidi Ibrahimu na uzao wake, na wengi wa uzao huo hawakumpokea Yesu, ahadi imekwenda wapi? Paulo alijibu kwa mzeituni. Mataifa ni matawi ya mwituni yaliyopandikizwa, na yasijisifu mbele ya matawi ya asili, kwa kuwa shina ndilo linaloyabeba.

Hazikupita karne mbili, matawi yakajisifu. Hekalu liliteketea mwaka 70, na baada ya maasi ya Bar Kokhba kuzimwa mwaka 135 Wayahudi wakakatazwa kuukanyaga mji wa Yerusalemu. Wakristo wengi waliona katika magofu hayo hukumu ya Mungu. Kanisa la Roma lilimfukuza Marcion mwaka 144 kwa sababu alitaka Agano la Kale litupwe lote, na hapo lilifanya jambo la maana sana, maana bila hivyo tusingekuwa na Zaburi kanisani. Lakini kuyashika maandiko ya Israeli kulikuja pamoja na kuwanyang'anya wenyewe. Justino Shahidi, akiandika katikati ya karne ya pili, alimwambia Myahudi Trifo kwamba Israeli wa kweli sasa ni Wakristo. Augustino alikuja kuongeza kwamba Wayahudi wasiuawe, waachwe wakitangatanga na vitabu vyao kama mashahidi wa imani isiyo yao. Kwa fikra za wakati ule hiyo ilikuwa huruma.

Habari za Ulaya zimeandikwa sana. Nataka kukaa na Kanisa lililoudai urithi huo huo kwa njia ambayo Justino asingeifikiria, nalo liko upande wetu wa dunia.

Mfalme Ezana wa Aksum aliupokea Ukristo katika karne ya nne. Sarafu zake zinaonyesha badiliko hilo waziwazi: za mwanzo zina mwezi mwandamo, za baadaye zina msalaba. Mwalimu wake alikuwa Frumentius, mtu wa Tiro, ambaye Athanasius wa Aleksandria alimweka wakfu kuwa askofu. Tangu hapo hadi katikati ya karne ya ishirini, askofu mkuu wa Ethiopia, yule anayeitwa Abuna, alikuwa Mmisri aliyetumwa na Aleksandria. Jambo hilo likumbukwe, kwa sababu ugomvi mkubwa ulizaliwa humo.

Anayeingia katika kanisa la kale la Kiorthodoksi nchini Ethiopia hukuta nyumba yenye sehemu tatu, ya ndani kabisa ikiwa ya makuhani peke yao, kama Hekalu. Humo huwekwa tabot, kibao kilichowekwa wakfu kinachosimama mahali pa Sanduku la Agano. Pasipo tabot hakuna misa. Watoto wa kiume hutahiriwa siku ya nane, nguruwe haliwi, na Jumamosi ina heshima yake kando ya Jumapili. Siku ya Timkat, sikukuu ya ubatizo wa Yesu, mwezi Januari, tabot hutolewa zikiwa zimefunikwa kwa vitambaa vya thamani, na waimbaji hucheza mbele yake kwa ngoma na kayamba za chuma kama Daudi alivyocheza mbele ya Sanduku.

Wataalamu wamebishana juu ya asili ya haya yote. Edward Ullendorff aliona humo mabaki ya Uyahudi wa kale uliovuka Bahari ya Shamu kabla ya Ukristo. Maxime Rodinson alisema huenda mengi yametokana na kuiga Agano la Kale lenyewe. Mimi naegemea kwa Rodinson. Watu wanaosoma habari za wafalme na makuhani huku wao wenyewe wana mfalme na makuhani hawahitaji mwalimu kutoka nje ili wajione mle ndani.

Kujiona huko kulipata kitabu chake mwanzoni mwa karne ya 14. Mwaka 1270 Yekuno Amlak aliuangusha ukoo wa Zagwe, ambao mfalme wake Lalibela anakumbukwa kwa makanisa 11 yaliyochongwa mwambani na kijito kinachoitwa Yordani. Ukoo mpya ulidai kuwa wa Sulemani. Ndipo Yishaq, kiongozi wa makuhani wa Aksum, pamoja na wenzake, wakaandika kwa Kigeezi *Kebra Nagast*, yaani Utukufu wa Wafalme.

Kisa chenyewe ni kitamu. Malkia wa Sheba anakwenda Yerusalemu, na Sulemani anamwapisha kwamba hatachukua chochote cha nyumba yake bila ruhusa. Kisha anamlisha vyakula vya kutia kiu. Usiku malkia anainuka kunywa maji, na mfalme anamdaka: kiapo kimevunjwa. Mtoto anayezaliwa ni Menelik. Akiwa kijana anakwenda kumwona baba yake, na anaporudi Sulemani anampa wana wa kwanza wa wakuu wa Israeli wafuatane naye. Vijana hao, wakiongozwa na Azaria mwana wa kuhani Sadoki, hawawezi kuvumilia kuachana na Sanduku la Agano. Wanaliondoa Hekaluni usiku na kuacha mbao mahali pake. Menelik anaambiwa wakiwa wamekwisha kufika mbali. Sanduku lenyewe limekubali, kwa maana msafara unakwenda bila kukanyaga ardhi.

Mtu anaweza kucheka, lakini atazame kitabu kinafanya nini na swali la Paulo. Kwa Justino urithi wa Israeli umegeuka kuwa wa roho: damu, nchi na Hekalu ni kivuli kilichopita. Katika *Kebra Nagast* hakuna kilichopita. Damu ya Daudi ipo, inakalia kiti cha enzi. Sanduku lipo, Aksum. Makuhani ni wana wa Sadoki. Kilichobadilika ni anwani. Zaidi ya hayo, mfalme wa Ethiopia anampita Kaisari wa Roma, kwa kuwa yeye ndiye mwana wa kwanza wa Sulemani. Na mwishoni wafalme hao wawili wanagawana dunia na kuwapiga vita Wayahudi. Njia ya Justino na ya Ethiopia, zilizoachana mapema hivyo, zinakutana hapo, na sidhani ni bahati mbaya.

Si kila mtu alikubali Kanisa lenye sura hiyo. Aleksandria haikupenda Sabato ya Jumamosi. Mtawa Ewostatewos aliishikilia, akaiacha nchi kwa ajili yake, akafa Armenia mwaka 1352. Wafuasi wake walitengwa kwa miaka mingi, hadi mfalme Zar'a Yaqob alipoitisha mtaguso wa Dabra Metmaq mwaka 1450 na kuamua kwamba Sabato zote mbili zitunzwe. Maaskofu wa Kimisri wakakubali. Wasomaji wetu waliozoea mabishano ya Wasabato na makanisa mengine wajue kwamba Ethiopia iliyamaliza, kwa namna yake, miaka mia nne kabla ya Wasabato kuwapo.

Karne iliyofuata walikuja Wareno. Mwaka 1541 Cristóvão da Gama, mwana wa Vasco yule yule aliyetia nanga Malindi mwaka 1498, alishuka pwani ya Massawa na askari 400 kumsaidia mfalme Galawdewos dhidi ya Imamu Ahmad na jeshi lake la Kiislamu lililoivamia nchi. Da Gama aliuawa, lakini Imamu akashindwa vita mwaka 1543, na nyuma ya bunduki wakafuata Wajesuti wakiwashutumu Wahabeshi kuwa nusu Wayahudi. Galawdewos aliwajibu kwa Ungamo la Imani mwaka 1555, andiko fupi lililopimwa kwa ustadi. Tohara, asema, ni desturi ya nchi, kama watu wa Nubia wanavyochanja nyuso. Jumamosi hatuitunzi kama Wayahudi, tunaadhimisha Ekaristi. Ni ajabu kidogo: mfalme anayejiita uzao wa Sulemani anaapa kwamba hana Uyahudi wowote. Mfalme Susenyos alipoupokea Ukatoliki mwaka 1622, na Patriaki Afonso Mendes akaja kupiga marufuku Sabato na tohara, nchi iliwaka moto. Mwaka 1632 Susenyos alirudisha imani ya zamani na kumwachia kiti mwanawe Fasiladas.

Wakati wote huo, katika milima ya Semien na kandokando ya Ziwa Tana, waliishi watu waliojiita Beta Israel, Nyumba ya Israeli. Walisoma Torati kwa Kigeezi hicho hicho, walitunza Sabato, na hawakumkiri Kristo. Steven Kaplan ameonyesha kwamba utambulisho wao ulikomaa kati ya karne ya 14 na ya 16, yaani zama zile zile ambazo ufalme wa Kikristo ulikuwa ukijiita Israeli. Nchi ilikuwa na Waisraeli wa aina mbili, na aina moja ilikuwa na jeshi. Mapokeo yanasema mfalme Yishaq, aliyetawala 1414 hadi 1429, aliwashinda na kuamuru kwamba asiyebatizwa asirithi ardhi ya baba yake. Wengi waliosalia bila ardhi wakawa wahunzi na wafinyanzi. Susenyos ndiye aliyeuvunja uhuru wao wa mwisho.

Karne ya 19 ilileta Israeli wa aina ya tatu, wa Kiprotestanti. Huko Ulaya wengi waliamini kuongoka kwa Wayahudi ni dalili ya siku za mwisho, na chama kilichoanzishwa London mwaka 1809 kilituma watu kuwahubiria popote walipo. Ludwig Krapf, ambaye pwani yetu inamjua kwa Rabai na kamusi ya Kiswahili, alikuwa ameanzia Ethiopia, akarudi huko mwaka 1855 na Johann Martin Flad, aliyekuja kufanya kazi miaka mingi kati ya Beta Israel. Henry Stern, Mjerumani wa asili ya Kiyahudi aliyekuwa Mkristo, alifuata. Maneno aliyoyaandika yalimuudhi mfalme Tewodros, akafungwa mwaka 1863. Wafungwa hao wa Kizungu wakawa sababu ya jeshi la Napier kuvamia Maqdala Aprili 1868 na kuipora. Kati ya vilivyobebwa ni tabot kadhaa, ambazo baadhi yake hadi leo zimefungiwa British Museum, wala wasimamizi wenyewe hawazitazami. Kilibebwa pia kitabu cha *Kebra Nagast*. Mwaka 1872 mfalme Yohannes wa Nne aliandika Uingereza akiomba kirudishwe, kwa kuwa bila hicho watu wake hawatamtii. Kikarudishwa.

Katiba ya Ethiopia ya 1955 bado ilimtaja mfalme Haile Selassie kuwa wa ukoo wa Menelik, mwana wa Sulemani na Malkia wa Sheba. Miaka kumi baadaye, tarehe 28 Oktoba 1965, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa tamko *Nostra Aetate* na kuurudia mzeituni wa Paulo: Wayahudi wasihesabiwe kuwa watu waliokataliwa na Mungu. Mwaka 1980 huko Mainz, Yohane Paulo wa Pili alisema agano lao halikutanguliwa kamwe. Kwa Ethiopia mabadiliko yalikuja kwa njia nyingine. Septemba 1974 wanajeshi walimwondoa mfalme, na uzao wa Sulemani ukatoka kwenye kiti.

Mwaka mmoja kabla, Rabi Mkuu Ovadia Yosef wa nchi ya Israeli alikuwa amewatambua Beta Israel kuwa Wayahudi, wa kabila la Dani. Kati ya Novemba 1984 na Januari 1985 maelfu yao walisafirishwa kwa siri kupitia Sudan hadi Israeli, na mwezi Mei 1991 zaidi ya 14,000 wakachukuliwa kwa ndege kutoka Addis Ababa katika muda wa siku moja na nusu. Wale wa kwanza walipofika, wakuu wa marabi walitaka wazamishwe majini kwanza ili kuondoa shaka juu ya Uyahudi wao. Watu ambao mababu zao walipoteza mashamba kwa kuyakataa maji ya ubatizo walikataa na haya, na mwaka 1985 wakapiga kambi ya maandamano mbele ya ofisi ya marabi huko Yerusalemu.