Ujuzi Hauachwi Mpakani

Baba mdogo alikuwa mwashi Rutshuru kwa miaka mingi. Tulivuka kuja Uganda 2012, na hapa Nakivale akataka kuhamia kazi ya vigae. Fundi akamwambia, "Anza upya, beba mchanga." Mwaka mzima! Alifundishwa kushika pimamaji, kitu alichokijua tangu ujana wake.

Kumbe sheria ya mafunzo ya ufundi ilikuwa imepitishwa tangu 2008. Ilikubali ujuzi upimwe kwa vitendo, hata kama uliupata kazini na si darasani. Hati iitwayo Worker's PAS inaandika kazi moja moja unazoziweza. Mwashi tayari anajua kupima, kusawazisha na kuchanganya saruji. Kinachobaki ni kukata vigae na kuvipanga. Hayo ndiyo ajifunze.

Na Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inaturuhusu kufanya kazi. Ila hakuna aliyetuambia.

Sawa, hati haimlazimishi fundi yeyote akuchukue. Lakini vijana wenzangu, kabla hamjakubali kuanza sifuri, ombeni mpimwe kwanza. Baba mdogo hakurudishiwa mwaka wake.