Kauli ya Mama katika Ndoa ya Bintiye

Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate alikuwa mjane alipomtungia bintiye utendi wa wosia, mwaka 1858. Humo asimulia walivyopendana na mumewe, kisha amwusia binti namna ya kumridhisha mume. Makungwi nao walimfunda mwari kwa uwazi kuliko madarasa yetu. Lakini sisi wazazi, ni mara ngapi tulimketisha mwana wa kiume tukamwambia kuwa binti naye hutamani, na hukataa?

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilitaka hiari ya wote wawili, na kwa hilo twaisifu. Hata hivyo, kifungu cha 13 kilimruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa, mvulana akingoja 18; kifungu cha 17 kikaweka idhini mkononi mwa baba. Mama angeulizwa baba akiwa amefariki. Aliyemzaa na kumlea, kauli yake ingoje matanga! Rebeca Gyumi alivipinga vifungu hivyo. Mahakama Kuu ilimkubalia mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikaafiki mwaka 2019, miaka 48 tangu sheria kutungwa.