Rum na Fursi: Uhasimu wa Majirani Ulivyozaa Vita vya Miaka 26

Wengi wetu tulizisikia kwanza habari za Rum na Fursi tukiwa chuoni, tulipofika Suratur-Rum. Mwalimu alitueleza kwa maneno machache: Warumi, watu wa Kitabu, walishindwa na Wafursi ambao ni Majusi, makafiri wa Kikureshi wakafurahi, Waislamu wakahuzunika, kisha Warumi wakashinda kama Qur'an ilivyotoa habari. Baada ya hapo tukageuza ukurasa. Suali moja hatukuliuliza siku zile, nalo ndilo tunalotaka kulitazama leo: dola hizi zilikuwa majirani kwa karne nyingi, zikipigana na kusuluhishana. Ni lipi lililozifanya mara hii zipigane mpaka zikakaribia kumalizana?

Uhasimu wenyewe haukuwa mpya. Zilishindana juu ya Armenia, juu ya miji ya mpakani kama Dara na Nasibin, na juu ya hariri iliyotoka China ikipitia mikononi mwa wafanyabiashara wa Kifursi. Mashindano hayo yalifika mpaka kusini mwa Bahari ya Sham. Kiasi cha mwaka 525 mfalme wa Aksum, kwa kuungwa mkono na Warumi, aliiteka Yemen. Na kiasi cha mwaka 570 Wafursi wakawatoa Mahabeshi huko. Kwa hiyo msomaji asidhani kwamba Bara Arabu ilikuwa mbali na ugomvi huu. Ilikuwa katikati yake.

Lakini uhasimu ulikuwa na breki zake. Mwaka 562 Kaisari Justinian na Kisra Anushirwan waliandikiana mkataba wa amani ya miaka 50, na Warumi wakakubali kulipa dinari 30,000 za dhahabu kila mwaka. Breki ya pili ilikuwa wafalme wa Kiarabu: Bani Ghassan upande wa Sham kwa ajili ya Warumi, na Bani Lakhm wa Hira upande wa Iraq kwa ajili ya Wafursi. Hawa walilinda jangwa, wakapigana wao kwa wao, na mara nyingi mabwana zao wakabaki nyuma ya ngome.

Breki zote mbili zilivunjwa na wenyewe. Mwaka 572 Kaisari Justin wa Pili aliona ni unyonge kulipa dhahabu ile, akakataa, na vita vikarudi kabla mkataba haujafikisha hata robo ya muda wake. Mwanzoni mwa miaka ya 580 Warumi walimkamata al-Mundhir, mfalme wa Ghassan, wakamhamishia mbali na watu wake. Na kiasi cha mwaka 602 Kisra naye akamuua an-Nu'man wa Hira na kuuondoa utawala wa nyumba yake. Kila mmoja alibomoa ukuta wake mwenyewe kwa kumshuku mlinzi wake.

Hapa ndipo linapoingia jambo ambalo vitabu vingi vya mukhtasari hulipita haraka. Mwaka 590 Kisra Abarwiz, yaani Khosrow wa Pili, alipinduliwa na jemadari wake Bahram, akakimbilia kwa hasimu yake, Kaisari Maurice. Maurice alimpa jeshi, na mwaka 591 akamrudisha katika kiti chake. Wema huu haukuwa wa bure: Kisra alirejesha Dara na kutoa sehemu kubwa ya Armenia. Kwa nje ilikuwa suluhu nzuri kuliko zote zilizotangulia. Kwa ndani, sisi tunaona, lilikuwa deni la fedheha, na mtu mkubwa hulisahau deni la dhahabu kabla hajalisahau deni la namna hii.

Mwaka 602 askari wa Kirumi waliasi, wakamuua Maurice na wanawe, wakamtawaza ofisa mmoja aitwaye Phocas. Kisra akapata alichokuwa akikingoja. Alitangaza kwamba anatoka kumlipia kisasi mfadhili wake, akamtoa hadharani mtu aliyedaiwa kuwa ni mtoto wa Maurice aliyeokoka. Neno la kisasi lilikuwa zuri mdomoni, ila Phocas mwenyewe aliuawa mwaka 610 na Heraclius, ambaye vitabu vyetu humwita Hiraql, na vita havikusimama. Damasko ilianguka 613, Baitul-Maqdis 614 kwa mauaji makubwa, na msalaba ambao Manasara waliutukuza ukachukuliwa Fursi. Iskandaria ikafuata 619.

Kwa rai yetu, mwaka 615 ndio mwaka wa kuzingatiwa. Jeshi la Fursi lilikuwa ng'ambo tu ya maji kutoka Konstantinopoli, na wakubwa wa Rum wakampelekea Kisra barua ya unyenyekevu wakimwomba amani kwa masharti yake. Hakujibu kwa amani. Wajumbe walizuiliwa na hawakurudi. Kabla ya hapo vita vilikuwa vya kutwaa mji au mapato. Baada ya hapo ilikuwa dola ifute dola. Kiasi cha mwaka huohuo Masahaba wa mwanzo walikuwa wakivuka bahari kwenda Habasha kutafuta hifadhi kwa Najashi, na huko Makka watu wakigombana juu ya nani atashinda.

Ugomvi huo wa Makka ndio uliomfanya Sayyidna Abubakar (R.A.) awekeane dau la ngamia na Ubayy bin Khalaf. Riwaya zinakhitalifiana katika idadi yao, lakini zinasema kwamba muda aliouweka kwanza ulikuwa mfupi, na Bwana Mtume (S.A.W.) akamwelekeza auongeze, kwa sababu neno "bidh'i" katika lugha ya Kiarabu hufika kutoka tatu hadi tisa. Wanavyuoni wengi wamesema dau lile lilikuwa kabla ya kuharamishwa kamari, basi hukumu yake imeondoka. Abu Hanifa na mwanafunzi wake Muhammad bin al-Hasan walilitolea hoja katika mas'ala ya miamala na asiyekuwa Mwislamu katika nchi ya vita, na Abu Yusuf akawapinga. Sisi tuko pamoja na wale wengi.

Ama ushindi wenyewe, wafasiri wamekhitalifiana kama ulikuwa wakati wa Badr au wa Hudaibiya, na tarikh inaonyesha kwa nini. Mwaka 622 Heraclius alitoka na jeshi lililolipwa kwa dhahabu na fedha za makanisa. Mwaka wa Badr, 624, alikuwa ameshaingia ndani ya Azerbaijan. Mwaka 626 Wafursi na Waavar waliuzingira mji wake mkuu wakashindwa, na Disemba 627 alilivunja jeshi la Kisra karibu na Ninawi. Februari 628 Kisra alipinduliwa na mwanawe mwenyewe, akauawa. Na mwaka huo ndio wa Hudaibiya. Mwenye kutazama mwanzo wa ushindi atasema Badr, na mwenye kutazama mwisho wake atasema Hudaibiya.

Mipaka ilirudi karibu palepale ilipokuwa mwaka 602. Fursi ilibadilisha watawala kadhaa, wakiwemo malkia wawili, mpaka alipotawazwa Yazdegerd mwaka 632, naye ndiye wa mwisho. Rum ilibaki na Kaisari mshindi na hazina tupu. Mwandishi wao wenyewe, Theophanes, anasimulia kwamba Waarabu waliokuwa wakilinda njia za jangwani kusini ya Sham walikwenda kudai posho yao ndogo ya kawaida, na ofisa mgawaji akawafukuza kwa matusi, akisema Kaisari hana hata ya kuwapa askari wake. Waarabu wale wakaondoka, wakawaendea ndugu zao Waislamu, wakawaonyesha njia ya Gaza.