Jinsi ya kutambua roboti katika ripoti ya wageni wa tovuti

MWENYE nyumba ya wageni mjini Meru, au muuzaji wa miche ya makadamia mjini Embu, akishamiliki tovuti hupata pia ripoti ya watu walioizuru. Ripoti hiyo ndiyo humwongoza kuamua iwapo ataongeza fedha za matangazo, atamlipa fundi aipanue tovuti, au ataifunga kabisa. Iwapo sehemu kubwa ya wageni hao si binadamu, uamuzi wake umejengwa juu ya mchanga.

Wageni hao wasio watu huitwa roboti. Ni programu za kompyuta zinazozunguka katika intaneti usiku na mchana zikifungua kurasa. Si zote zilizo mbaya. Googlebot na bingbot husoma kurasa ili zionekane mtu anapotafuta jambo mtandaoni, na anayezifungia mlango hujificha mwenyewe kwa wateja wake. GPTBot ya kampuni ya OpenAI, iliyojulikana mwaka 2023, hukusanya maandishi ya kufundishia akili bandia. Hizi hujitambulisha kwa majina. Zinazosumbua ni zile zinazojifanya watu: huokota anwani za baruapepe, hujaza fomu za mawasiliano kwa matangazo ya kamari, na kubahatisha nywila.

Kuna hila moja iliyowachanganya wengi. Ripoti huonyesha mgeni alitokea tovuti gani kabla ya kuingia. Walaghai walitambua kwamba mwenye tovuti, akiona jina geni pale, hulibofya ili ajue ni nani aliyemtaja. Basi wakawa wanaacha anwani zao kwa makusudi. Semalt na darodar zilijipatia sifa mbaya kwa njia hiyo tangu 2014. Mwishoni mwa 2016, mahali palipotengewa lugha ya mgeni paliandikwa wito wa kumpigia kura Donald Trump, pamoja na anwani iliyofanana na ya Google isipokuwa herufi moja tu.

La ajabu ni kwamba wengi wa wageni hao hawakuwahi kufika. Google Analytics, iliyoanzishwa Novemba 2005, huipa kila tovuti nambari yake, nao walaghai walibahatisha nambari hizo na kutuma takwimu za uongo moja kwa moja kwa kompyuta za Google. Fundi aliyejaribu kuwazuia kwenye seva alijisumbua bure, kwani mlango wake haukuwa umebishwa. Toleo hilo la zamani liliacha kupokea takwimu mpya Julai 1, 2023. Lililolirithi, Google Analytics 4, huondoa lenyewe roboti zinazojulikana, lakini zisizojulikana hupenya: mwaka 2025 wenye tovuti katika nchi nyingi waliona wimbi la wageni kutoka Lanzhou nchini Uchina na kutoka Singapore, ambao hawakusoma chochote.

Dalili za roboti hazifichiki kwa anayetazama kwa utulivu. Muda wa kusoma ni sekunde sifuri, ukurasa uliofunguliwa ni mmoja, na ukubwa wa skrini ni uleule kwa mamia ya wageni. Wengi hutoka Ashburn, jimbo la Virginia, Marekani, mji wenye maghala makubwa ya kompyuta. Katika kumbukumbu za seva utaona maombi ya faili iitwayo wp-login.php hata kama tovuti haitumii WordPress. Huyo ni mwizi anayejaribu vitasa. Ikumbukwe pia kwamba AWStats, inayosoma kumbukumbu za seva, huonyesha idadi kubwa kuliko Google Analytics, kwa kuwa roboti nyingi haziendeshi msimbo ambao Google Analytics huutegemea kuhesabu.

Hata hivyo, ugeni wa mahali si ushahidi, na hapa ndipo wenyeji wa Meru na Embu hukosea kwa urahisi. Msomaji aliye Runyenjes akitumia intaneti ya simu huweza kuandikwa kuwa yuko Nairobi, kwa sababu anwani ya IP husajiliwa inakopitia mitambo ya kampuni ya simu. Wanaotumia Opera Mini huweza kupitia kompyuta za Opera, hivyo watu wengi halisi huweza kuonekana kama mashine moja. Tovuti ya wakulima wa miraa wa Igembe ina kila sababu ya kusomwa Mogadishu, hasa baada ya Somalia kuifungulia tena soko Julai 2022. London nayo ilikuwa soko hadi Uingereza ilipoipiga marufuku Juni 2014. Anayefuta wageni wote wa nje huenda akawafuta wateja na jamaa zake.

Kipimo bora ni yale ambayo roboti hazifanyi. Hazipigi simu kuulizia chumba, wala hazilipi kwa M-Pesa. Wageni wakiongezeka mara tatu na simu zikabaki zilezile, nyongeza hiyo ichunguzwe kabla ya fedha kutolewa.

Jina geni lisibofywe kutoka kwenye ripoti. Heri kulitafuta kando. Anayejiita Googlebot akaguliwe, kwa kuwa jina ni rahisi kuiba: anwani yake ya IP ikitafutwa, jina linalorudi lapaswa kuishia na googlebot.com, google.com au googleusercontent.com. Faili ya robots.txt, utaratibu uliobuniwa na Martijn Koster mwaka 1994, hutiiwa na roboti zenye adabu pekee. Takwimu za awali zihifadhiwe, na uchujaji ufanywe kwenye nakala, kwani kinachofutwa kwa kudhaniwa roboti hakirudi. Zinazofika kwenye seva hasa huzuiwa na kampuni inayohifadhi tovuti, nayo iarifiwe mapema pale malipo yanapotegemea kiasi cha data, maana hapo kila roboti inayoingia hulipiwa na mwenye tovuti.