Mbwa Koko wa Handeni na Korogwe

Mbwa anayezurura sokoni Handeni au Korogwe huitwa mbwa koko, na jina hilo limebeba hukumu nzima: hana mwenyewe, kwa hiyo hana haki. Hukumu hiyo haijui historia. Katika nchi ya wakulima wa mahindi, mbwa ana kazi inayoeleweka: kufukuza nyani na nguruwe mwitu shambani, kuwinda, kubweka usiku mgeni akikaribia. Hafungwi kamba, lakini kila jirani anajua ni wa kaya gani. Kuzurura si kukosa kwao. Tafiti za chanjo zilizofanywa vijijini kuzunguka Serengeti zilionyesha jambo hilohilo, kwamba mbwa wengi wanaozagaa wana wenyewe.

Wanaokosa kwao kweli ni zao la watu kuhamahamishwa. Reli ya Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, mkonge ukatanda kandokando yake, na mashamba yakahitaji mikono mingi kuliko iliyokuwapo. SILABU, ofisi ya kutafuta vibarua wa mkonge iliyoanzishwa mwaka 1944, ikawaleta vibarua wa mkataba walioitwa manamba kutoka mikoa ya mbali. Nyaraka za mkonge huhesabu tani na vibarua. Mbwa inabidi tumsome katika mantiki ya kambi za manamba. Mtu wa mkataba hufuga akijua ataondoka, na siku ya kurudi kwao mbwa hana nafasi safarini. Mwaka 1964 nchi ilizalisha zaidi ya tani 230,000 za mkonge. Baadaye bei ikaporomoka mbele ya nyuzi za plastiki, mashamba yakadorora, kambi zikapungukiwa watu. Kisha ikaja Operesheni Vijiji, kati ya 1973 na 1976, ikaziondoa familia kwenye makazi yao yaliyotawanyika na kuzikusanya pamoja. Mbwa aliyezoea kulinda mpaka wa shamba alipoteza shamba na mpaka wake kwa mara moja. Tunachokiita tabia ya mbwa koko, kwa maoni yangu, ni alama ya uhamisho huo wote.

Wapo watakaosema dini haimruhusu Mwislamu kumhurumia mbwa, na eneo hili lina Waislamu wengi. Ni kweli kwamba katika madhehebu ya Shafii mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Lakini hiyo ni hukumu ya tohara, haihalalishi ukatili. Sura ya Al-Maida inahalalisha windo la mbwa aliyefunzwa, na hadithi inayofahamika sana inamtaja aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. Pingamizi zito zaidi ni kichaa cha mbwa, kwa kuwa anayeumwa mara nyingi ni mtoto, na dalili zikishaanza kupona ni nadra mno. Hofu hiyo ni ya haki. Risasi na sumu ndizo zisizoitibu: mbwa wakiuawa, wengine huzaliwa na kuingia upesi wakiwa hawana kinga. Pemba ilikata maambukizi mwaka 2014 kwa kuchanja mbwa kwa wingi. Ugonjwa uliporudi mwaka 2016, chanjo ikaukata tena. Kiwango kinachotakiwa ni mbwa 70 kati ya kila 100, na hakifikiki bila mwenye mbwa kumleta mwenyewe, au kumtuma mtoto amlete kwa kamba.

Ndiyo maana sidhani kwamba nyumba za kutunzia mbwa za mtindo wa Ulaya ndizo zinazohitajika kwanza hapa. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtambua mnyama kuwa kiumbe mwenye hisia. Kinachobaki ni kumrudishia mbwa mtu wa kummiliki. Mbwa achanjwe, ahasiwe, na anayehama amkabidhi kwa jirani aliyekubali kumlisha, mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Hili ni la leo pia: tangu mwaka 2022 Msomera, wilayani Handeni, imepokea familia za wafugaji kutoka Ngorongoro, watu ambao zizi lao halilali bila mbwa. Hesabu ya mbwa hao inapaswa kuanza siku lori la kuhamia linapopakiwa.