Ndege Asubiri: Hoja kuhusu Andalio la Somo la Origami

Andalio la somo la origami katika shule ya msingi huanza, mara nyingi mno, na ndege. Mwalimu humchagua korongo, hugawa hatua zake ndani ya dakika 40, kisha hupima mafanikio kwa idadi ya korongo waliokamilika. Nadai kwamba mpango huu unaifukia hisabati ndani ya umbo, na kwamba andalio linapaswa kujengwa juu ya mkunjo.

Dai hili si geni. Friedrich Fröbel, Mjerumani aliyeanzisha chekechea mwaka 1837, aliingiza ukunjaji wa karatasi katika shughuli za watoto, akitaka uzae maumbo ya maisha, ya uzuri na ya maarifa. Mwaka 1893, huko Madras, T. Sundara Row alichapisha kitabu cha jiometri kilichojengwa juu ya mikunjo ya karatasi, akieleza kuwa wazo lake lilitokana na chekechea hiyohiyo. Aina ya tatu ya Fröbel, ile ya maarifa, ndiyo tunayoitupa tunapomkimbilia ndege.

Chukua karatasi ya A4. Walimu wengi huikata iwe mraba kabla ya kipindi ili kuokoa muda, na hapo hujinyima somo bora kuliko yote. Mwache mwanafunzi aulaze ukingo mfupi juu ya ukingo mrefu, akunje, kisha akunjue: amepata mraba, ulalo wake na nyuzi 45 bila rula wala kipimapembe. Sasa aweke ukingo mrefu wa karatasi nyingine juu ya ulalo huo. Vinalingana. Karatasi ya milimita 210 kwa 297 imeundwa hivyo kwa makusudi, lakini mtoto wa Darasa la Tano hana haja ya kipeuo cha pili ili ashangae, na mshangao huo unastahili dakika kumi za mjadala.

Kwa madarasa ya juu kuna ugunduzi wa Kazuo Haga, mwanabiolojia wa Japani: kona ya chini ya mraba ikifikishwa katikati ya ukingo wa juu, ukingo uliokunjwa hukata upande wa pili kwenye theluthi kamili. Wanafunzi waliozoea nusu, robo na thumuni hawaitarajii theluthi.

Ndege ana utetezi wake, nao ni mzito. Kosa la milimita moja katika mkunjo wa kwanza hujitokeza mdomoni mwa korongo, na hakuna kalamu nyekundu inayosahihisha kwa uaminifu huo. Kwa hiyo abaki, ila aje mwishoni, kwa karatasi ya pili ambayo mtoto ataondoka nayo. Mwalimu akusanye ile ya kwanza: imekunjuliwa, mikunjo imepigwa mstari, na kila sehemu imeandikwa thamani yake.